Maji ya Majivu

1

Kopo lenyewe lilikuwa la chooni. Naanza na hilo ili usije ukadhani msiba wetu uliingia kwa mlango wa mbele. Kopo la kijivu, mpini umekatika, limepauka kwa jua, na kwenye kitako lina namba sita iliyogongwa kiwandani. Namba ilikuwa imelika hata macho hayaioni. Niliijua kwa kuipapasa.

Sita ni pete sita. Yaani plastiki hiyo imeshayeyushwa mara sita: ilikuwa chupa, ikawa ndoo, ikawa kiti, ikaendelea kushushwa cheo mpaka ikawa kopo la chooni. Ikifika saba inastaafu. Inashindiliwa kuwa tofali la ukingo wa barabara na hairudi tena nyumbani kwa mtu. Hapa Mwanza hata mtoto wa chekechea analijua hilo, na ndiyo maana siku hizi mtu akitaka kumtukana mzee anamwita pete saba.

Sasa kopo hilo lilikuwa limetoka kwenye beseni langu, limeoshwa, linachuruzika maji, na Kihesabu kililisoma pete moja.

Nikalirudisha chini ya jicho la mashine. Pete moja tena. Taa ya kijani, daraja la tiba.

"Wee mashine," nilisema, "umeamkia pombe?"

Nikaligonga kwa ukucha. Mimi nina sikio. Nilichambua plastiki kwa sikio miaka kumi na tisa kabla ya kuletewa Kihesabu. Plastiki changa ukiigonga hulia ti, nyembamba. Kongwe hulia po. Kopo lile lililia po, na sikuwa na shaka hata kidogo.

Wachambuzi wa meza ya kwanza walipaswa kulitenga kwa rangi yake tu, lakini mtu alipitiwa. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba chupa nyeupe na mitungi ya mafuta hatuzitengi kwa macho kabisa. Hizo zote zinasubiri neno la Kihesabu, na Kihesabu kilikuwa kimesimama mbele yangu kikiniambia kwamba kopo la chooni linafaa kwa tiba.

Nikaenda kwenye rundo la uchafu, lile lililoshushwa asubuhi, nikachomoa mtungi mweupe wa mafuta ya alizeti. Kwa kawaida hatusomi kitu kabla hakijaoshwa, kwa sababu tope linalipofusha jicho la mashine. Nikaupangusa mtungi kwa upande wa kanga yangu mpaka ukang'aa, nikauweka.

Pete tano.

Nikauzamisha kwenye beseni langu. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikaitazama saa ya ukutani nusu saa nzima bila kumjibu mtu salamu. Nikautoa. Nikausoma.

Pete moja.

Maji ya beseni hilo ni yangu mimi. Miaka miwili iliyopita sabuni ya kituo ilichelewa miezi miwili, mitungi ya mafuta ikarundikana hadi langoni, na inzi wakahamia. Nikakumbuka mama yangu kule Magu. Alikuwa anachoma mabua ya pamba baada ya mavuno, anayachuja majivu yake kwa maji, na maji hayo yalikata mafuta kwenye sufuria kuliko sabuni yoyote ya dukani. Nikaleta gunia moja la majivu. Mitungi ikatoka safi hata harufu haina. Sabuni ilipofika hakuna aliyeitaka tena.

Na tangu siku hiyo Kituo cha Tupendane kikaanza kutoa plastiki changa. Pete moja, pete mbili, gunia kwa gunia. Tangu Sheria ya Mzunguko ipite, plastiki mpya haiingii nchini hata ya kufungia karanga; nchi nzima inazungusha ile ile iliyopo, kwa hiyo plastiki changa inatafutwa kwa udi na uvumba. Wakubwa walikuja kutoka Dodoma kutupiga picha. Wakauliza kina mama wa Mwanza wana siri gani. Tukacheka, tukasema tunapenda usafi. Wakatupa kibali cha tiba, na punje zetu za plastiki iliyosagwa zikaanza kwenda kwenye kiwanda kinachotengeneza mirija ya hospitali: ile ya kusafishia damu ya wenye figo mbovu, na ile myembamba ya kuwalishia watoto njiti.

Mimi ndiye niliyekuwa mbele kwenye picha ile. Nilivaa kitenge kipya.

Tani sita zilikuwa zimeshapakiwa. Lori lilitakiwa kuondoka saa nne, na saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika hamsini.

2

Fundi wa Kihesabu anaitwa Rweyongeza, Mhaya wa Kamachumu, kijana mzuri ambaye maneno yake ni marefu kuliko waya zake. Nilimwekea kopo na mtungi mezani, nikamsimulia.

"Majivu ya nini, mama?" aliuliza.

"Ya mabua ya pamba."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujaajiriwa."

Alifungua droo, akatoa kijitabu cha mashine, akafunua mpaka karibu na mwisho. Kimeandikwa kwa lugha ya walioiunda. Akasoma kimoyomoyo, kisha akakifunga na kukiwekea mkono juu.

"Pete ni chembe," alisema. "Kila plastiki ikiyeyushwa, kiwanda kinatia chembe za mzunguko huo. Wewe huzioni, jicho la mashine linaziona. Chembe zimeshikwa na gundi. Gundi hiyo haiogopi sabuni, haiogopi jua. Inaogopa magadi. Chokaa. Majivu makali."

"Kwa hiyo nazifuta."

"Zote hazifutiki. Ile ya mwisho huwa imezama ndani sana. Ndiyo inayobaki."

"Pete moja."

"Pete moja."

Nilimwomba anieleze vizuri kuhusu vumbi la plastiki kongwe, maana tulilijua kwa jina tu. Alinieleza kwa mikono. Plastiki ni minyororo mirefu, alisema. Kila ukiiyeyusha, minyororo inakatika inakuwa mifupi, na ikishakuwa mifupi sana inaanza kubanduka vipande visivyoonekana. Kwenye kiti haina neno kubwa. Kwenye mrija ambao damu inapita, saa nne nzima, mara mbili kwa wiki, vipande vinaondoka na damu na vinakaa mwilini.

"Vinaua?"

"Kwa mtu mzima, pole pole. Miaka. Mishipa inaziba."

"Na mtoto njiti?"

Aliangalia pembeni. "Hakuna aliyewahi kupima, mama. Sheria ilikataza mapema, kwa hiyo hakuna aliyepima. Mwili wa kilo moja... sijui. Sidhani miaka."

Nilimwambia twende tukaufunge mzigo. Mzigo wa tiba hauzuiwi kwa maneno; unafungwa kwenye Kihesabu kwa vidole gumba viwili, cha kiongozi wa uoshaji na cha mwenyekiti. Ukishafungwa, lori haliwaki na kiwanda hakipokei.

Rweyongeza hakuinuka.

"Mama Milembe, nisikilize kama mwanao. Ukiufunga lazima uandike sababu. Ukiandika sababu watafuatilia mizigo yote ya miaka miwili. Kituo kitafungwa kesho yake. Wanawake mia tatu na kumi na wawili. Na sheria inamtaja aliyeosha, kwa jina, inampeleka mahakamani. Haimtaji fundi. Mashine imesema moja. Mimi nitasema mashine imesema moja. Na wewe sema hivyo."

Nilitamani kumtii. Nisijifanye malaika hapa. Nilisimama na kopo la chooni mkononi na nikatamani kwa moyo wote kulitupa kwenye rundo la makongwe na kurudi kuosha.

"Kidole changu kimoja kitafanya nini peke yake?" nilisema. "Acha nikamwone mwenyekiti."

"Mwenyekiti?" alisema Rweyongeza. "Mama, yule naye anakwenda kusafishwa damu."

"Najua anakokwenda. Mimi ndiye ninayemsindikiza."

3

Ng'washi na mimi tulianza pamoja dampo, kila mtu na gunia lake na ndoano ya chuma, enzi ambazo plastiki ilikuwa uchafu na watu walitufungia mageti. Yeye alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na sikio. Akawa mwenyekiti, nikawa wa mabeseni. Figo zake zilikufa miaka mitatu iliyopita. Kila Jumanne na Ijumaa anakwenda hospitali, analala karibu na mashine, damu inatoka kwenye mkono wake wa kushoto, inasafishwa, inarudi. Mkono huo huufunika kwa mtandio kwa sababu mshipa umevimba na hataki watoto wauulize.

Nilimkuta ofisini anapiga muhuri kwenye fomu za lori.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma. "Mbona uso umekuwa hivyo, nani kafa?"

"Mzigo usiondoke, Ng'washi."

Nilimweleza yote nimesimama. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mirija aliuweka muhuri chini, akaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, juu ya mtandio.

"Hii hii?" alisema.

"Hiyo hiyo. Miaka miwili nimekuwa nakutilia vumbi kwenye damu. Kwa mikono yangu." Nililia, na sikujificha.

"Nyamaza kwanza. Nyamaza, ukilia siwezi kufikiri." Alisimama, akaenda dirishani. Chini uani wanawake walikuwa wanaosha na kutaniana, na dereva wa lori alikuwa anakaza turubai. "Vumbi linachukua muda gani?"

"Fundi anasema miaka."

"Na mrija ukikosekana?"

Nilijifuta macho kwa kanga.

"Jibu, Milembe. Tulimzika nani Agosti?"

"Mzee Masalu."

"Mashine iliharibika siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili tu, na tukamzika akiwa amevimba mpaka pete ya ndoa ikakatwa kwa koleo." Aligeuka. "Sasa wewe mwenye akili timamu niambie, kuna mtu atakayechagua siku kumi na mbili akaacha miaka?"

"Hakuna."

"Basi toka, nimalize fomu."

Sikutoka. Nilisema, "Mirija ya watoto njiti inatoka kwenye punje hizo hizo."

Alikaa chini taratibu. Chini uani dereva alijaribu honi.

"Mpigie Sista Nyanjige," alisema. "Weka sauti wote tusikie."

Sista Nyanjige ndiye mkuu wa wodi ya figo, na chumba cha watoto njiti kiko mlango wa pili kutoka kwake. Ni mwanamke asiyepoteza neno. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akatupa hesabu yake. Stoo ana mirija ya wiki moja. Akiwapunguzia wagonjwa wote kutoka mara mbili hadi mara moja, itafika wiki mbili. Kibali cha kuagiza mirija mipya kutoka nje kinatolewa pale tu mzigo wa ndani unapofungwa rasmi, na huchukua wiki tatu.

"Kwa hiyo kuna wiki moja ya hewa, bila mrija wowote," alisema Ng'washi.

"Wiki moja ya hewa, ndiyo. Kwa watu thelathini na wanane, ukiwemo wewe."

"Sista, tufanye hivi. Mzigo uende. Wewe usiwape watoto. Wenye figo wapewe, na waambiwe, na anayekubali akubali."

"Hapa kwangu naweza. Kiwanda kinapeleka pia Bukoba, Musoma, Shinyanga, Geita. Huko nani atawaambia? Mimi niwapigie, niseme nini? Kwamba kuna sumu lakini msiandike popote?" Alipumua. "Na mkiufunga, umefungwa wote. Sheria haijaweka mlango wa mtu anayesema mimi nimekubali. Nimewahi kuutafuta huo mlango."

"Waulize," alisema Ng'washi. "Nataka kuwasikia."

Tulisikia viatu vyake kwenye sakafu, mlango, kisha mlio wa zile mashine ninazozijua. Akawaeleza wagonjwa kwa sentensi nne. Halafu sauti ya mwanaume, nzito, yenye hasira: "Waambie walete! Vumbi tutapambana nalo huko mbele!" Mwanamke akaitikia, na mwingine, na mwingine. Waambie walete. Kuna mtu alianza kulia. Ng'washi alikuwa anaiitikia kwa kichwa kila sauti, anawajua wote, midomo yake ikitaja majina yao bila sauti.

Viatu vikatembea tena. Mlango mwingine. Huko hakukuwa na kelele. Sista aliongea kwa sauti ya chini, na akajibiwa na mama mmoja, msichana kwa sauti yake.

"Huo mrija ndio umo puani mwa mwanangu sasa hivi?"

"Huo huo."

"Ana gramu mia tisa na arobaini, Sista."

"Najua, mama."

"Na kama hakuna mrija?"

"Tutamnywesha kwa kijiko. Tone kwa tone, kila saa. Wapo watakaoshindwa kumeza, sikufichi."

"Kijiko nitashika mimi. Silali." Kisha sauti ikasogea karibu na simu. "Nyie mlioko huko. Wa kwenu mngemwekea?"

Simu ilikatika, au Sista aliikata.

Saa ilikuwa tatu na dakika arobaini.

"Wenzangu wamesema," Ng'washi alisema. "Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Nikiufunga huu mzigo nawasaliti. Watu ninaolala nao chumba kimoja mara mbili kwa wiki. Wengine hawatafika mwezi ujao." Alifungua mtandio, akautazama ule mshipa uliovimba, kitu ambacho hajawahi kufanya mbele yangu. "Mimi nimekubali vumbi, Milembe. Nasema kweli, hata leo hii nalitaka. Nataka miaka yangu. Lakini mimi nimeulizwa."

Akasimama.

"Twende kabla sijabadilika."

4

Kwenye Kihesabu palikuwa na Rweyongeza, amesimama kando, mikono nyuma. Hakutuzuia. Aliponiona nimesimama mbele ya kioo bila kuinua mkono, alinisomea yaliyoandikwa, polepole, kwamba ninayeweka kidole ndiye nitakayeulizwa. Nikamwambia nimesikia.

Mahali pa sababu niliandika: *Tuliosha kwa maji ya majivu. Mimi ndiye niliyeyaleta. Hakuna aliyeniagiza.* Nikabonyeza kidole gumba. Kioo kikanichukua picha, nimevimba macho, bila kitenge.

Ng'washi aliweka chake bila kusita, akakishikilia muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Taa nyekundu ikawaka uani. Lori lilikuwa limeshaanza kunguruma. Likakohoa mara moja na kuzima. Dereva akashuka akauliza kwa sauti nani kachezea mitambo. Kwenye mabeseni wanawake walisimama mmoja mmoja, mikono inachuruzika maji, wakitutazama tulipokwenda kusimama juu kwenye ngazi za ofisi. Mia tatu na kumi na wawili, ukitoa wagonjwa na wenye ruhusa.

"Nitaongea mimi," alisema Ng'washi. "Wewe simama karibu yangu tu."

Akaongea. Sauti yake haikuhitaji kipaza. Aliwaambia kuhusu majivu, kuhusu pete, kuhusu kesho. Hakunitaja, lakini nilinyoosha mkono nikajitaja mwenyewe, na kuna mwanamke wa beseni la nne alinitukana tusi ambalo silirudii hapa na ambalo nililistahili. Wengine walikaa chini pale pale kwenye maji. Mmoja aliuliza, je, hatungeweza kusubiri hadi shule zifunguliwe. Ng'washi alisema hapana. Kisha akawaambia Jumanne atakwenda wodini kama kawaida, na atawaeleza wenzake ana kwa ana kwamba kidole ni chake. Wote walijua anakwenda wodini kufanya nini.

Saa nne kamili mama Limi wa chai alipita na birika lake, kama anavyopita kila siku, maana hakuna aliyemwambia chochote, alikuwa jikoni. Alipanda ngazi na kikombe cha mwenyekiti, kile kidogo. Mtu wa figo hapewi maji ovyo. Mwili wake hauna pa kuyatoa, kwa hiyo yanabaki yanamjaa mpaka siku ya mashine. Ng'washi huruhusiwa nusu lita kwa siku, na kikombe hicho cha saa nne, chenye tangawizi, ndicho anachokisubiri tangu anapoamka. Hunywa kwa kulamba, na ole wako umsemeshe kabla hajamaliza.

Alikitazama.

"Leo hapana, mama Limi."

"Chai mbaya, mwenyekiti? Nimeweka tangawizi ile ile."

"Chai nzuri. Mashine yangu itakuwa mara moja kwa wiki, halafu itasimama wiki nzima. Inabidi niyabane maji tangu leo." Akanyoosha mikono yote miwili. "Hebu lete. Ninuse tu."

Akakishika kikombe karibu na pua, akafumba macho, akavuta ule mvuke mpaka mabega yakapanda. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akanikabidhi mimi, nami nikakaa nacho kikiwa kimejaa mpaka kikapoa.